Malaika: Mali ya Nani?

Toleo hili linahusu nyimbo za mapenzi za Afrika Mashariki, na ni vigumu kulifungua kwa wimbo mwingine usiokuwa Malaika, ambao bendi za hoteli za pwani ya Kenya huwaimbia watalii (pengine kupita kiasi), ilhali swali la nani aliyeutunga halijapata jibu linalokubaliwa na wote. Fadhili William, Mkenya wa Taita, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 pamoja na bendi ya Jambo Boys, na jina lake ndilo lililozoeleka. Hata hivyo Adam Salim, mwanamuziki mzaliwa wa Tanganyika, alidai kuwa aliutunga Nairobi katika miaka ya 1940 kwa ajili ya mpenzi aliyemkosa, na Lucas Tututu wa Mombasa naye hutajwa.

Wengi walioandika juu ya mabishano hayo wameyafanya upelelezi wa kumsaka mwizi, wakasahau kwamba kabla ya studio kushamiri nyimbo za dansi zilipokewa kwa kusikika, mpiga gitaa huyu akiongeza ubeti na yule akibadili mahadhi, pasipo hati yoyote. Santuri, yaani sahani ya muziki, ndiyo iliyodai jina liandikwe kwenye lebo, na jina hilo ndilo lililofuatwa na mirabaha, ambayo ni malipo anayostahili mtunzi kila kazi yake inapouzwa au kutangazwa. Kwa njia hiyo utunzi na uimbaji, ambavyo kisheria ni haki mbili tofauti, viliangukia mikononi mwa mtu mmoja. Jambo hilo lisingekuwa na uzito mkubwa kama wimbo ungebaki Nairobi. Lakini Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte katika albamu ya mwaka 1965 iliyopata tuzo ya Grammy, kundi la Boney M. likaurekodi mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991.

Kisichojadiliwa vya kutosha ni kisa chenyewe, cha kijana anayetaka kuoa akazuiwa na ukosefu wa fedha. Mahari, yaani mali ambayo upande wa mume huutolea upande wa mke, ilikuwa imeanza kudaiwa kwa fedha taslimu badala ya mifugo, na kibarua wa mjini alitegemea ujira mdogo ambao kodi na pango viliumaliza kabla hajaweka akiba. Shida hiyo ilikuwa ya kizazi kizima cha vijana waliohamia mijini, na huenda ndiyo sababu zaidi ya mtu mmoja aliweza kuuona wimbo huo kuwa wake bila kusema uongo. Kwa hiyo makala za toleo hili hazitoi hukumu kati ya Salim na William. Zinauliza nyimbo hizi zilitungwa katika maisha ya namna gani, na ni nani aliyelipwa baada ya hapo.