Viti 35 vya Kilifi ni vya Nani?

Wazee wetu walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa Kilifi, nchi ya minazi, methali hiyo haihitaji mkalimani, hata kwetu sisi tusiolinywa. Twaikumbuka leo tunapolitazama bunge la kaunti yetu, linalokaa Malindi.

Wengi wetu twayakumbuka mabaraza ya zamani. Madiwani walichaguliwa na watu, lakini Waziri wa Serikali za Mitaa, akiwa Nairobi, alikuwa na uwezo wa kuongeza madiwani wa kuteuliwa. Mwaka 1988 chama cha KANU kiliwapanga wananchi mlolongo nyuma ya wagombea wake, utaratibu ambao Baraza la Makanisa lilikuwa limeupinga tangu 1986. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tuliamini kwamba wakati wa viongozi kujibu maswali ya wananchi umewadia.

Katiba ya 2010 ilitupa chombo cha kuulizia maswali hayo. Tangu 2013 kaunti yetu ina wadi 35, toka Mnarani hadi Adu, toka Shella hadi Mwanamwinga, na kila wadi ina mwakilishi wake. Kuna pia viti maalumu, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wajumbe, na ili vijana na watu wenye ulemavu wapate sauti. Bunge hilo hutunga sheria, huidhinisha bajeti, huwasaili mawaziri wateule wa kaunti na humkagua gavana.

Lakini katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, gavana alitoka katika chama kimoja, ODM. Hatukilaumu chama kwa kupendwa na watu. Twauliza tu: mwakilishi aliyepata tiketi kwa hisani ya wakubwa wa chama, je, atathubutu kumwuliza gavana wa chama hicho hicho fedha za zahanati zimekwenda wapi? Na yule wa kiti maalumu, ambaye jina lake liliandikwa na chama katika orodha yake, atamwogopa nani zaidi, mwananchi au mwandishi wa orodha? Zamani kalamu ilikuwa mkononi mwa waziri. Sasa imo mkononi mwa chama. Kwa mwananchi wa Bamba, tofauti i wapi?

Hata hivyo, tusikate tamaa. Oktoba 2019, katika uchaguzi mdogo wa wadi ya Ganda, wapiga kura walimchagua mgombea huru, na chama kikubwa kikashindwa katika ngome yake yenyewe. Kura ilikuwa yao, nao waliitumia.

Basi tufanye nini? Kifungu cha 196 cha Katiba chaliamuru bunge la kaunti kufanya kazi yake hadharani. Kila parokia na kila msikiti uchague watu wawili wa kuhudhuria vikao vya Malindi na kurudi na habari, kwani si kila mtu wa Ganze au Kaloleni ana nauli. Kabla ya uchaguzi wa 2027, tuzisome orodha za vyama jina kwa jina, na tuulize kila jina limeingiaje.

Mgema hulitia maji tembo la mnywaji asiyeonja. Tuonje kwanza, ndipo tusifu.