Makato Ni Yako, Dai Nyumba Isiyokupika



Kama umeajiriwa, chukua karatasi yako ya mshahara ya mwezi uliopita utazame mstari wa makato ya nyumba. Ni asilimia 1.5 ya mshahara wako wote. Mwajiri wako naye anatoa kiasi hicho hicho. Ukilipwa shilingi 40,000, wewe 600, yeye 600. Hizo ni 1,200 kwa mwezi, 14,400 kwa mwaka. Na usidhani ni walioajiriwa peke yao. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu iliyotiwa saini Machi 2024 inagusa pia mapato ya asiye na mwajiri.

Makato haya tumeyabishania sana. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisema yale ya mwanzo yalikiuka Katiba, ndipo Bunge likaja na sheria mpya. Unaweza kuyapinga au kuyaunga mkono, ni haki yako. Lakini huku tukibishana, majengo yanapanda. Kwa hivyo leo nakuuliza swali jengine: ndani ya nyumba hizo, saa nane za mchana, kunakalika?

Wewe wa Kisauni, Likoni, Malindi ama Garissa sina haja ya kukueleza. Miaka hii Ramadhani imetuangukia Februari na Machi, joto la kaskazi likiwa juu. Umefunga, umerudi kazini, unaingia kwenye chumba ambacho ukuta wake umepigwa jua tangu alasiri. Mpaka Isha ukuta bado unatoa moto. Dirisha ni moja, hewa ikiingia haina pa kutokea. Feni inawashwa Adhuhuri, inazimwa Alfajiri. Token za stima zinakwisha kabla ya wiki kuisha. Mtoto halali, bibi ana presha, na mama yuko jikoni anapika futari.

Huo ndio ushuru wa pili. Hakuna Bunge lililoupitisha, lakini utaulipa kila mwezi kwa miaka yote utakayokaa humo. Na atakayeumia zaidi ni yule ambaye nyumba hizi zinasemekana ni zake. Sheria yenyewe inasema nyumba za jamii ni za mwenye mapato chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Mtu huyo utamwambia anunue kiyoyozi?

Sasa nenda Mji wa Kale, Mombasa, ama Lamu. Ingia nyumba ya zamani mchana wa jua kali. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Dari iko juu, ina boriti za mikoko. Katikati kuna ua ulio wazi, hewa ya moto inapanda na kutoka. Vichochoro ni vyembamba ili nyumba moja iipe kivuli nyengine. Wazee wetu hawakuwa na stima, lakini walijua jua linapiga wapi na upepo unatoka wapi. Hakuna anayesema turudi kuchimba matumbawe. Tunasema elimu ile ile iingie kwenye michoro ya leo.

Na si elimu ngumu. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua linapita juu ya paa, asubuhi linapiga ukuta wa mashariki, jioni ule wa magharibi. Kwa hivyo jengo refu pande zake ndefu zitazame kaskazini na kusini, na madirisha mengi yawe huko. Nyumba iwe na madirisha pande mbili ili upepo uingie huku utokee kule, uwe wa kaskazi ama wa kusi. Juu ya dirisha kuwe na kivuli cha zege. Paa lipakwe rangi nyeupe, na chini yake kuwe na kizuizi cha joto. Kulielekeza jengo sawasawa likiwa bado kwenye mchoro hakuhitaji mfuko hata mmoja wa saruji. Likishasimama, hulizungushi tena.

Wajenzi watasema: mkiweka masharti, bei itapanda na maskini atakosa nyumba. Hoja hii tusiidharau. Marekani, Aprili 2024, serikali ilitoa masharti mapya ya kubana matumizi ya nishati kwa nyumba mpya zinazojengwa kwa mikopo inayosimamiwa na serikali. Chama cha wajenzi na baadhi ya majimbo wakaenda mahakamani kwa sababu hiyo hiyo ya bei. Lakini bei ya nyumba ni ile unayolipa kununua pamoja na ile unayolipa kuishi ndani. Afrika Kusini waliliona hilo. Kuanzia Aprili 2014 waliongeza ruzuku ya nyumba za watu wa mapato ya chini ili nyumba mpya ziwe na dari, kizuizi cha joto juu ya dari, na kuta zilizopigwa plasta. Gharama haikutupiwa maskini, ilibebwa na mfuko wa umma. Na sisi mfuko tunao, kila mwezi tunautilia.

Hapa kwetu Kanuni za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968. Sawa, lakini kanuni kwenye karatasi hazipozi chumba. Kinachopoza ni mtu anayeuliza kabla zege halijamwagwa.

Muulizaji awe ni wewe. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya nyumba inayofaa, na cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ukiandika barua unastahili kujibiwa ndani ya siku 21. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kama kuna mradi mtaani kwenu, kaeni vijana watano muandike maswali haya matatu:

1. Jengo limeelekezwa wapi, na kila nyumba ina madirisha pande ngapi?
2. Paa na ukuta wa magharibi vimekingwaje na joto?
3. Nani atakagua kabla funguo hazijatolewa, na ripoti yake tutaisoma wapi?

Kukiitwa mkutano wa maoni ya wananchi, nendeni nayo. Mkialikwa soda na fulana, kunyweni soda, lakini maswali yasomwe na yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Dini yetu imetukataza israfu, na imetuamrisha amana irudi kwa mwenyewe. Pesa za umma ni amana. Nyumba inayokula stima usiku na mchana kwa sababu mchoraji hakujali jua liko wapi, hiyo ni israfu, na analipishwa asiyekuwa nacho. Usiishie kulalamika kwenye status. Andika barua wiki hii.

Wabillahi tawfiq.