Historia ya Uzazi Izungumzwe Nyumbani Pia

Katika vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wataalamu hukutana mara kwa mara kuzungumzia historia ya tiba na uzazi: jinsi watu wa zamani walivyozaa, walivyozalishwa, walivyotibu utasa na walivyowalea watoto wachanga. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilitoa kitabu kikubwa juu ya uzazi tangu zama za kale mpaka leo, kilichoandikwa na wataalamu wengi. Pengine msomaji wa Nanganga atauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi wenye mikorosho ya kupalilia? Tunajibu kwamba yanatuhusu sana, kwa sababu mara nyingi wanaozungumzwa huko ni sisi wenyewe.

Tutoe mfano wa zamani. Mwezi Januari 1884, huko Edinburgh, Uskoti, daktari aitwaye Robert Felkin aliwasomea madaktari wa uzazi habari ya jambo aliloliona Bunyoro, katika Uganda ya leo, mwaka 1879. Alimwona mganga wa huko akimpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea. Mganga alinawa mikono kwa pombe hiyo na kuliosha tumbo la mama. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, na jeraha likafungwa kwa pini za chuma na nyuzi za magome ya mti. Mtoto alitoka hai, na baada ya siku 11 jeraha lilikuwa limepona. Tukumbuke kwamba siku hizo, hata Ulaya, akina mama wengi waliopasuliwa namna hiyo walikufa.

Habari hiyo husimuliwa mpaka leo katika mikutano ya wataalamu. Jina la Felkin linajulikana. Jina la mganga yule halikuhifadhiwa, wala jina la mama aliyelala pale akivumilia kisu. Ujuzi ulikuwa wa Wanyoro, na maumivu yalikuwa ya mama. Jina lililobaki ni la mgeni aliyeshika kalamu.

Na huku kwetu je? Mwaka 1906 Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, alipita Masasi na Newala. Aliandika habari za unyago na kunasa nyimbo kwa mashine, na mwaka 1908 akatoa kitabu. Terence Ranger, aliyepata kufundisha Dar es Salaam, aliandika juu ya kazi ya tiba ya wamisionari wa kusini-mashariki tangu 1900 mpaka 1945. Walter Bruchhausen, daktari Mjerumani, alitoa kitabu mwaka 2006 juu ya jinsi tiba ya hospitali na tiba za jadi zilivyoishi pamoja katika mikoa yetu. Stacey Langwick, Mmarekani, alikaa Newala na kuwafuatilia waganga na wauguzi, akatoa kitabu chake mwaka 2011. Hatuwalaumu wataalamu hawa. Wamefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya. Lakini vitabu hivyo viko kwa Kijerumani na Kiingereza. Je, ni mama gani wa Ndanda au Mkunya aliyewahi kusomewa hata ukurasa mmoja?

Wengi wetu tunamkumbuka Dk. Leader Stirling, Mwingereza aliyefika Lulindi mwaka 1935 na kujenga hospitali katika hali ya ufukara, baadaye akafanya kazi Mnero, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania tangu 1975 mpaka 1980. Habari zake zinajulikana kwa sababu aliziandika mwenyewe katika vitabu. Hapa Ndanda tunamtaja Sista Thekla Stinnesbeck, daktari aliyeanza kazi katika miaka ya 1920. Ni haki kuwataja. Lakini wale wasichana wa Kimakonde, Kimakua na Kiyao waliojifunza uuguzi na ukunga kwa hao madaktari, waliokesha na wazazi usiku kwa taa ya kandili, tutawajuaje? Na wakunga wa vijijini waliowapokea babu zetu, nani ataeleza walijua nini na walishindwa wapi?

Jambo hili si la heshima tu. Ni jambo la uhai. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria kwamba katika Tanzania walikufa akina mama 556 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai kwa sababu za uzazi. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Katika muda huohuo uzazi wa katika vituo vya afya uliongezeka kutoka 63 kwa kila 100 kufikia 81. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini bado wako wanaobaki nyumbani, na wako wanaofikishwa wakati damu imekwisha kumwagika.

Kwa nini wanachelewa? Mara nyingi tunasema ni ujinga au umbali. Umbali upo kweli. Lakini sababu nyingine zina mizizi ya zamani, na mizizi haiondolewi kwa kukemea. Wazee wetu wengi waliamini kwamba uchungu ukikawia, basi mama au mume wake ametoka nje ya ndoa, na lazima akiri ndipo mtoto atoke. Hata leo ziko nyumba ambamo saa za thamani hupotea kwa mahojiano, kumbe mtoto amelala vibaya au nyonga ni nyembamba. Iko pia aibu. Msichana aliyefundishwa na kungwi kwamba mambo ya uzazi ni siri ya wanawake atawezaje kujilaza mbele ya mganga mwanamume kijana, tena akikaripiwa? Mkunga asiyejua historia hiyo humwona mama ni mkaidi. Anayeijua hutafuta maneno ya kumtuliza, humfunika vizuri, na humruhusu mama mzazi au shangazi akae karibu pale inapowezekana.

Tueleweke vizuri. Hatusemi turudi kuzalia nyumbani. Mkunga wa jadi alijua kumpa mama moyo, kumkanda na kumkalisha vizuri, lakini hakuwa na damu ya kuongeza, wala dawa ya sindano ya kukaza mfuko wa uzazi. Mama akitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa kwa muda mfupi. Mahali pa kujifungulia ni kituo cha afya. Tunachosema ni kwamba yaliyo mema katika malezi ya zamani yaingie katika wodi, na yaliyoua yatajwe waziwazi ili yaachwe. Hatuwezi kuyachambua hayo kama hatuyajui.

Mwezi Februari 1987 Nairobi ilipokea mkutano wa kimataifa juu ya uzazi salama. Huko dunia iliambiwa kwamba akina mama wapatao 500,000 walikuwa wakifa kila mwaka kwa sababu ya uzazi. Mkutano ule ulitikisa serikali nyingi. Basi mkutano si jambo la kudharau. Unaweza kuokoa watu. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Inakuwaje basi mikutano ya historia ya uzazi ifanyike bila wazazi?

Maoni yetu ni haya. Kwanza, kila jumuiya iwatafute bibi waliokuwa wakunga na wauguzi wastaafu, iwasikilize na kuandika maneno yao katika daftari, kwa idhini yao, bila kutaja majina ya wagonjwa. Siri ya mzazi ibaki siri. Pili, shule za sekondari ziwape vijana kazi hiyo wakati wa likizo. Vijana wengi wanajua kutumia simu kunasa sauti. Tatu, vyuo vya uuguzi viwaite wazee hao wazungumze na wanafunzi, hata mara moja kwa mwaka. Nne, mtaalamu anayekuja kutuuliza habari zetu aombwe kurudi na kutusomea kwa Kiswahili yale aliyoyaandika, nasi tuwe na nafasi ya kumsahihisha.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kalamu na mtu wa kuketi chini ya mwembe na kusikiliza. Lakini haiwezi kungoja, kwa maana kila mwaka tunawazika baadhi ya bibi hao, na wanayoyajua huzikwa pamoja nao. Tuanze baada ya mavuno ya mwaka huu.