Tusiwe wachezaji tu wa gemu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo wazee wenzangu wengi huliona kuwa ni utoto. Jambo hilo ni michezo ya kompyuta, ambayo vijana huiita gemu.

Hapa Sokon I vibanda vya gemu hujaa kila jioni. Wazazi tunalalamika kuwa watoto wanapoteza fedha na muda, na malalamiko hayo ni ya kweli. Lakini tumesahau kuuliza swali la pili: gemu hizo anazitengeneza nani, na fedha inakwenda wapi?

Majirani zetu wamekwisha kuanza kazi. Mwaka 2007 Ndugu Wesley Kirinya wa Kenya alitoa gemu yake, The Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 akashirikiana na Eyram Tawia wa Ghana kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Lual Mayen wa Sudan Kusini alijifunza kazi hiyo akiwa mkimbizi kaskazini mwa Uganda, kwa kompyuta ambayo mama yake aliiwekea akiba miaka mitatu. Gemu yake, Salaam, inahusu mkimbizi anayekimbia vita. Basi tusisingizie umaskini peke yake.

Je, sisi? Tanga ilitupa somo. Kwa miezi 15, hadi mwaka 2019, watoto wapatao 2,700 wa vijiji karibu 170 walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kwa michezo iliyowekwa katika vishikwambi. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, na Serikali yetu ilishiriki. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10. Watoto walikuwa wetu na lugha yetu, lakini kati ya timu tano za fainali haikuwamo hata moja yenye makao Tanzania.

Hata hivyo mlango haukufungwa. Programu za timu zote tano ziliachwa wazi, na mtu yeyote anaweza kuzichukua bure na kuzibadilisha. Kinachokosekana ni wa kuwashika mkono vijana wetu.

Mjukuu wangu anatengeneza gemu ya bao, yenye mashimo yake 32 na kete zake 64, kwa kompyuta ya kuazima usiku. Alikwenda katika ofisi moja kuomba msaada. Akaambiwa alete cheti. Alipotaka kuwaonyesha gemu yenyewe katika simu, hakuna aliyetazama. Namshukuru Mungu hajakata tamaa, lakini wangapi wamekwisha kukata?

Kazi hii si ya mtu mmoja. Mmoja huchora, mwingine huandika programu, mwingine hutia sauti. Kwa hiyo wanahitaji mambo mawili. La kwanza ni mahali pa kukutana. Arusha tuna Chuo cha Ufundi, Chuo cha Uhasibu na Taasisi ya Nelson Mandela. Chumba kimoja chenye kompyuta kikifunguliwa jioni kwa vijana wa mitaani, hakuna kitakachoharibika. La pili ni mnunuzi. Serikali iagize michezo ya kufundishia shuleni kutoka kwa vijana wa hapa, na wapimwe kwa kazi zao, si kwa vyeti peke yake. Bila mnunuzi hata kikundi kizuri kitatawanyika, kila mtu akatafute ugali wake.

Tukiendelea kukaa kimya, hata bao letu tutauziwa siku moja na wageni. Wahusika naomba walitazame jambo hili.

Babu wa Mchezaji,
Sokon I,
Arusha.