Kabla Hujauliza Bei ya Jenereta, Uliza Moshi Utatokea Wapi



Umeme ukikatika mara mbili ndani ya wiki moja, inboksi inajaa swali lile lile: "Ninunue jenereta ya kilowati ngapi?" Wanaouliza wengine wana fremu, wengine stoo ghorofani, wengine kontena. Siku hizi wapo pia waliochonga kirikuu au trela ikawa duka linalotembea: mbele rafu za bidhaa, nyuma godoro, wanazunguka minadani na kulala humo humo. Hao wanataka jenereta "ya kufunga ndani kabisa".

Msimamo wangu ni huu: swali la kilowati ni la tatu. La kwanza, moshi utatokea wapi? La pili, nani analala hapo? Kama huna jibu la hayo mawili, huna sehemu ya kuweka jenereta hata kama hela unayo. Nunua betri na inveta.

Sitishi watu. Moshi wa jenereta una hewa inaitwa kabonimonoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Ile harufu unayoisikia ni ya vitu vingine kwenye moshi, kwa hiyo harufu ikiisha usidhani hewa imekuwa safi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Aliye macho atalalamika. Aliyelala hawezi kulalamika, na huenda asiamke kabisa.

Kipindi cha mgao wa mwishoni mwa 2023, kwenye jengo tunalofanyia kazi hapa Kariakoo, jirani aliweka jenereta koridoni karibu na ngazi. Alisema akiiweka chini itaibiwa. Mabinti wawili waliokuwa wanafunga mizigo ya mikoani wakaanza kuumwa kichwa, mmoja akatapika. Tukawatoa nje, wakapata nafuu. Dirisha lilikuwa wazi muda wote. Ndiyo maana mtu akiniambia "mimi nitaacha dirisha wazi", simuelewi.

Sasa twende kwenye hesabu, maana wengi tunanunua jenereta kubwa kuliko kazi yenyewe. Chukua muuzaji wa mtandaoni wa kawaida:

- Simu mbili zinachaji: wati 40
- Taa ya duara ya kurekodia: wati 30
- Ruta ya intaneti: wati 12
- Balbu tatu za LED: wati 30
- Printa ndogo ya lebo: wati 30
- Feni: wati 50

Jumla wati 192. Haifiki hata 200! Halafu unaambiwa beba ya kilowati mbili na nusu. Hiyo ni kukodi Fuso kubeba kiroba kimoja. Jenereta ya kawaida inazunguka kwa kasi ile ile ukiwasha taa moja au ukiwasha duka zima, kwa hiyo mafuta yanaenda tu. Nilishapima moja ya ukubwa huo ikiwa na mzigo mdogo kama huu: lita moja ilikaa kama saa moja na nusu. Saa sita ni lita nne. Piga lita kwa shilingi 3,000, ni shilingi 12,000 kwa siku. Siku kumi 120,000. Faida ya magauni mangapi hiyo? Na bado ukiingia laivu, mteja anasikia ngurumo badala ya bei.

Upande wa betri: ya volti 12, Ah 100, inabeba wati-saa 1,200. Ya tindikali usiinywe zaidi ya nusu, itakufa mapema. Ukitoa na kinachopotea kwenye inveta, unabaki na kama wati-saa 500. Kwa mzigo wetu wa wati 200 ni saa mbili na nusu. Zima feni, unapita saa tatu. Ya lithiamu ya ukubwa ule ule inaweza kukupa kama saa nne, maana unaruhusiwa kuitumia zaidi. Haina moshi, haina kelele.

Kuna watakaosema, "Bwawa la Nyerere si lipo, ya nini yote haya?" Ni kweli, mashine ya kwanza iliingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na mradi mzima ni megawati 2,115. Lakini bwawa halizuii transfoma ya mtaani kwenu kuungua, wala nguzo kuanguka. Tofauti ni kwamba ule mgao wa kutwa nzima ndio uliokuwa unadai jenereta. Kukatika kwa saa mbili tatu ni kazi ya betri.

Je, nani anahitaji jenereta kweli? Mwenye friza la vinywaji, mwenye mashine ya joto ya kubandika picha kwenye fulana, mwenye vyerehani vingi vya umeme. Hapo usibishane na hesabu. Ila kumbuka friji la wati 150 wakati wa kuwaka linaweza kudai mara tatu au zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Jumlisha vitu vyote, ongeza huo mshtuko wa kuwaka, kisha acha nafasi kidogo juu. Ukifika dukani, soma kibao mwenyewe. Kuna namba ya juu kabisa, ambayo mashine inaivumilia kwa muda mfupi tu, na kuna namba ya kufanya kazi mfululizo. Muuzaji atakutajia ile kubwa. Wewe nunua kwa ile ndogo. Uliza pia kama koili ni ya shaba.

Kwa wenye kirikuu, trela na kontena lenye kitanda, kufunga ndani kusimaanishe kuweka uvunguni. Jenereta ikae kwenye boksi lake, mlango wake ufungukie nje, na ukuta wa upande wa kulala uzibwe kabisa, hata tundu la waya. Bomba la moshi lipite nje ya bodi, mbali na dirisha na mlango. Boksi liwe na njia ya hewa ya kupooza mashine, la sivyo utaipika. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya kufungwa kwenye magari. Hii ya mkononi ukiitia kwenye boksi haigeuki kuwa hiyo. Na hata ukifunga vizuri, mtu akilala, zima. Usiku tumia betri. Uzuri wa gari ni kwamba altaneta inaweza kuchaji betri ukiwa njiani, na paneli ya sola juu ya paa inaongezea.

Mawili ya mwisho. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe duka zima. Umeme unarudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Funga chenjiova. Pia petroli usiiweke stoo katikati ya maboksi na nguo. Soko Kuu liliungua 10 Julai 2021. Sisemi chanzo kilikuwa petroli, nasema sote tuliona moto unavyokimbia kwenye bidhaa.

Tunapenda kusema mtaji ni bidhaa. Lakini yule kijana anayelala stoo kukulindia mzigo hana risiti wala oda mpya ya kumrudisha. Anza na yeye, kilowati zitafuata.

Andika kwenye komenti una vifaa gani na wati zake, tupige hesabu pamoja. Na kama unamjua mwenye kontena anayetafuta jenereta wiki hii, mtumie hii kabla hajalipia.