Kabla ya kukodi bustani bondeni, angalia ramani

Vijana wenzangu wa Bunju na Mbagala, kodi ya bondeni ikiwa rahisi, jiulize kwa nini. Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walianza kuchora mitaa inayofurika, kupitia mradi wa Ramani Huria. Ramani ziko bure mtandaoni. Kwangu mimi, hizo ni pembejeo kama mbegu.

Mchicha unauvuna ndani ya mwezi, unayawahi maji. Nyanya inataka kama miezi mitatu. Ukiipanda bondeni Februari, masika yanaikuta shambani na mtaji unaondoka nao.

Vyuo navyo vishuke mashambani. Utafiti ukibaki kabatini, hasara anabeba mkulima. Mtaa wako haumo kwenye ramani? Waulize wazee maji hufika wapi.