Nyumba Nayo ni Shule

Kila ifikapo Januari, barabara za Manispaa ya Songea hujaa sare mpya. Watoto wa Lizaboni, Mfaranyaki, Bombambili na Matogoro hushikwa mkono na wazazi wao, wakapelekwa kuandikishwa darasa la awali au darasa la kwanza. Kisha wazazi hurejea makwao na nyuso za watu waliotua mzigo mzito. Ni mzigo huo tunaotaka kuuzungumzia leo. Wako wazazi wengi, wa mjini na wa vijijini, wanaoamini kwamba siku mtoto anapovuka lango la shule, kazi yote ya kumfundisha imehama kutoka kwao na kwenda kwa mwalimu. Imani hiyo ni potofu, na anayelipa gharama yake ni mtoto.

Hatupendi tueleweke vibaya. Hatusemi kwamba watoto wafungiwe nyumbani, wasiende shule. Ziko nchi, kama Marekani, ambako sheria inamruhusu mzazi kumsomesha mwanawe nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho. Na ziko nyingine, kama Ujerumani, ambako jambo hilo limekatazwa. Hapa kwetu, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka kila mtoto aliyefikisha umri wa miaka saba aandikishwe shule, na sera ya elimu iliyozinduliwa mwaka 2025 imeweka elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Sisi tunaiunga mkono sheria hiyo na sera hiyo kwa moyo wote. Tunalosema ni hili: kabla ya shule, na kila siku baada ya saa za shule, iko elimu ambayo hakuna awezaye kuitoa isipokuwa watu wa nyumbani. Mtoto asiyeipata elimu hiyo huingia darasani akiwa nyuma ya wenzake, na mara nyingi hubaki nyuma.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alikumbusha taifa kwamba kabla ya ukoloni Waafrika hawakuwa na majengo ya shule, lakini walikuwa na elimu. Watoto walijifunza kwa kuishi na kwa kutenda. Anayetaka ushahidi na aende Mbinga, akayatazame mashimo ya ngoro ya Wamatengo. Nyasi hufyekwa na kulazwa mistari inayokatizana hata ikafanya miraba, kisha hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na kila mraba ukabaki na shimo linalozuia mvua isiondoke na rutuba ya mlima. Hiyo ni hesabu ya maumbo, ni elimu ya udongo na ni elimu ya maji. Ilirithishwa kwa karne na zaidi bila ubao wala chaki, baba na mama wakitenda, mtoto akitazama, akauliza, kisha akajaribu.

Je, elimu ya nyumbani kwa mtoto wa miaka mitatu, minne au mitano ni ipi? Si lazima iwe na meza wala ratiba. Asubuhi mama anapochambua maharage, mtoto anaweza kutenga mazuri na mabovu, na huko ndiko kuainisha. Anapotumwa kuleta vikombe vinne kwa ajili ya watu wanne, amejifunza kuhesabu kwa namna ambayo hataisahau. Visado vitano vya lita nne hujaza debe la lita ishirini. Mtoto aliyejaza debe hilo kwa mikono yake wakati wa mavuno ya mahindi hatahangaika atakapokutana na kuzidisha na kugawanya darasani. Sokoni anajifunza bei na chenji. Shambani anajifunza majira: kwamba mvua huanza mwishoni mwa mwaka, kwamba mbegu ina nafasi yake na palizi ina siku zake. Akiulizwa tu, "Unadhani kwa nini?", amekwisha kuanza kufikiri kisayansi.

Michezo nayo isidharauliwe. Mtoto anayecheza mdako, akirusha kokoto juu na kuchota nyingine shimoni kabla ile ya kwanza haijaanguka, anafundisha jicho na mkono wake kufanya kazi pamoja. Mkono huohuo ndio utakaoshika kalamu. Vitendawili vya jioni humfunza kufananisha mambo na kusikiliza hadi mwisho. Hadithi ya bibi humpa msamiati, humfunza kupanga matukio kwa mfuatano, na humwonyesha ubaya wa ulafi na thamani ya ukweli bila kumhubiria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo miongoni mwa haki za mtoto. Waliotunga sheria hiyo hawakukosea.

Liko pia suala la lugha. Watoto wengi wa mkoa wetu husikia kwanza Kingoni, Kimatengo, Kiyao, Kinyasa au Kindendeule, kisha hukutana na Kiswahili shuleni. Wako wazazi wanaoona haya kuzungumza na watoto wao lugha ya nyumbani wakidhani itawachelewesha. Ukweli ni kwamba kinachomchelewesha mtoto ni ukimya. Mtoto anayezungumzishwa na kuulizwa maswali katika lugha yoyote ile huifikia ya pili akiwa na fikra zilizokwisha kuamka. Mtoto anayeamrishwa tu, "Kaa! Nyamaza! Ondoka!", hufika darasani akiwa bubu katika lugha zote mbili.

Mwaka 2020 ulitupa funzo kubwa. Tarehe 17 Machi mwaka huo Serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Kwa zaidi ya miezi mitatu, kila nyumba ya Tanzania iligeuka shule, ipende isipende. Vipindi vya masomo vilitangazwa redioni na katika televisheni. Lakini redio haimwulizi mtoto kama ameelewa. Pale alipokuwapo mtu mzima wa kuketi na mtoto, hata kwa nusu saa, masomo yaliendelea. Pale asipokuwapo, miezi ile ilipita bure. Funzo hilo tusilisahau kwa sababu tu milango ya shule imefunguliwa tena.

Watakuwapo watakaotujibu: "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini?" Tunawaheshimu wanaosema hivyo, lakini hatukubaliani nao. Taifa hili liliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wakulima walioshika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa na mvi walithibitisha kwamba hakuna aliyechelewa. Zaidi ya hayo, mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia mtoto, "Nisomee ulichoandika leo," akamsikiliza. Mtoto anayesomewa hufaidika. Na mtoto anayesikilizwa anaposoma hufaidika vilevile. Daftari linalofunguliwa kila jioni mbele ya mzazi, hata mzazi asiyezijua herufi, haliwezi kukaa tupu.

Wengine watasema kazi ni nyingi, na jioni inawakuta wamechoka. Hilo ni kweli, hasa kwa mama, ambaye hutoka shambani akaingia jikoni. Ndiyo maana tunawageukia akina baba. Malezi ya mtoto mdogo si kazi ya wanawake peke yao. Baba anayepata muda wa kukaa kijiweni hadi saa tatu usiku hakosi nusu saa ya kumsimulia mwanawe jinsi mto Ruvuma unavyoanzia katika milima ya Matogoro, hapa hapa petu, ukasafiri mpaka Bahari ya Hindi huku ukitenganisha nchi yetu na Msumbiji. Hakosi siku moja ya kumpeleka Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge, amweleze waliouawa kwa kunyongwa tarehe 27 Februari 1906 walikuwa akina nani, na walikataa nini. Mtoto anayeyasikia hayo kutoka kinywani mwa baba yake hatayahesabu kuwa somo la kukariri kwa ajili ya mtihani.

Hata hivyo, tunaonya juu ya mambo mawili. La kwanza, kumfundisha mtoto kazi si kumtumikisha. Kubeba kidumu kidogo kinachomlingana ni malezi. Kushinda katika shamba la tumbaku siku ya shule ni dhuluma, na jina la elimu ya kujitegemea lisitumike kuifunika. La pili, nyumba isigeuzwe chumba cha mateso. Wako wazazi wenye uwezo wanaowarundikia watoto wa miaka mitano masomo ya ziada hadi usiku, na fimbo mezani. Mtoto aliyefunzwa kwa hofu hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuogopa kitabu.

Mwaka 2023 Kamishna wa Elimu alitoa waraka wa kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa elimu ya awali hadi darasa la nne, ili walelewe na wazazi wao. Tuliona uamuzi huo kuwa wa busara. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani hakutoshi ikiwa nyumbani hakuna wa kuzungumza naye. Waraka unaweza kumfikisha mtoto mlangoni kwa mama na baba yake. Yanayotendeka ndani ya mlango huo hayaamuliwi na waraka.

Serikali nayo isiifanye hoja yetu kuwa kisingizio. Wajibu wa mzazi haufuti upungufu wa walimu, wala haumfupishii njia mtoto wa kitongoji cha mbali anayeisubiri shule shikizi. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa mwaka 2021 ishuke hadi vijijini. Halmashauri za vijiji ziweke ajenda ya watoto wadogo katika mikutano yao, walimu wawaite wazazi kwa mazungumzo na si kwa michango pekee, na vitabu vya hadithi viwafikie wasioweza kuja mjini kuvisoma.

Malipo ya kazi hii hayaji mwisho wa mwezi. Huja siku mtoto anaposoma kwa mara ya kwanza jina la duka barabarani bila kuulizwa. Huja anapokataa kudanganywa chenji. Huja anapokuwa kijana na bado anamwendea baba au mama kwa ushauri, kwa sababu alizoea tangu utotoni kwamba nyumbani kwao maswali hujibiwa. Samaki hukunjwa angali mbichi. Nasi tunawasihi wazazi wa Ruvuma wasingoje hadi akauke ndipo wamtafute wa kumlaumu. Kuanzia jioni ya leo, kila mzazi na aketi na mwanawe nusu saa, amwulize amejifunza nini, naye amfundishe neno moja analolijua.